Shajara ya mradi: spanaboi, saluni na nauli ya Jumatatu

Januari, mwisho-mwisho

Haya, wengi mmekuwa mkiniuliza ule mradi wa chama wa kufundisha vijana kazi umefikia wapi, kwa hivyo ntakuwa naandika hapa kila nikipata nafasi dukani, haitakuwa kila siku na msitarajie mpangilio wa ripoti za ofisi, manake mimi muuza spea Mwembe Tayari si afisa wa miradi. Kwa asiyejua tulipotoka: sisi ni chama cha wafanyibiashara wadogo hapa Mombasa, kuna mzee wa gereji Changamwe, mama wa saluni mjini, dada wa keki na mahamri kule Mishomoroni, mwenye hoteli ya chakula Kongowea karibu na soko, jamaa wa kliaringi, yaani kutoa mizigo bandarini, ambaye ofisi yake ni vyumba viwili na printa moja, bwana mwenye nyumba za wageni Bamburi, na mimi ambaye walinichagua katibu ati kwa sababu naandika haraka. Kila mwaka tunatoa kitu, mara unga na mafuta wakati wa Ramadhani, mara vitabu vya shule. Mwaka huu mama wa saluni akasimama akasema jamani unga unaisha kwa wiki, na wale watoto wanaokuja kuuliza kazi kila asubuhi bado wako pale pale kwenye baraza, hebu tufikirie kitu kingine.

Wazo la kwanza lililotajwa lilikuwa semina. Bwana wa Bamburi alishaanza kuhesabu bei ya ukumbi na tishati zenye jina la chama. Hapo nikakataa kabisa, nkawaambia vijana wa Mombasa hii wamehudhuria semina za ujasiriamali mpaka wanajua chai itakuja saa ngapi na mandazi yatakuwa mangapi, anatoka pale na kalamu na daftari na kesho yake yuko maskani na daftari lake. Mzee wa gereji akaniunga mkono kwa maneno yake machache, akasema mimi sijui kusemea watu lakini niletee wawili ntawaonyesha injini.

Basi tukakubaliana hivyo. Kila mmoja achukue vijana wawili au watatu kadri biashara yake inavyobeba, miezi sita, wafundishwe kazi kwa mikono, wapate kitu mfukoni, na mwisho anayetaka apelekwe akafanye mtihani wa gredi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, ili atoke na karatasi. Umri tumeweka miaka 18 kwenda juu, chini ya hapo ni mtoto na mambo ya mtoto yana sheria zake, juu tumefuata katiba ambayo inamhesabu kijana mpaka kabla hajafika 35.

Februari mwanzo

Wiki hii ilikuwa ya makaratasi na hesabu, inachosha lakini nimejifunza mambo ambayo naona aibu kwamba nimefanya biashara miaka yote hii bila kuyajua.

La kwanza ni ile tozo ya mafunzo. Kila mwajiri Kenya hii anatakiwa kulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi, pesa inaenda NITA. Jamaa wa kliaringi amekuwa akilipa kwa miaka bila kukosa, nkamuuliza umeshawahi kudai chochote? Akanitazama. Kumbe ukisomesha wafanyakazi wako unaweza kurudishiwa sehemu ya gharama, ila lazima uombe idhini kabla ya mafunzo hayajaanza, ukienda na risiti baadaye umekula hasara. Ni hamsini tu kwa kichwa, sikatai, lakini kwenye mji wenye mahoteli na makampuni ya bandari yenye mamia ya wafanyakazi hizo hamsini zikijumlishwa si mchezo, na mwenye kampuni anailipa kama anavyolipa maji, haulizi inakwenda wapi.

La pili ni afueni ya kodi. Ukichukua wahitimu wa vyuo vikuu ama vyuo vya ufundi wasiopungua kumi, ukakaa nao kati ya miezi 6 na 12, basi kwenye kodi ya mapato unaruhusiwa kukata nusu nyingine juu ya ule mshahara uliowalipa. Nzuri sana, lakini soma tena pale kwenye kumi. Mzee wa gereji akichukua kumi wataketi wapi, juu ya boneti? Na vijana wetu wengi hawajahitimu popote, wameishia kidato cha nne, wengine la nane. Kwa hivyo hiyo ni ya mahoteli makubwa na makampuni, na mimi nawaomba wenye mahoteli mnaosoma hapa mkawaulize wahasibu wenu kama wanaijua.

La tatu lilileta kelele. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida hapa Mombasa kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, hapo bado ya nyumba. Mwenye hoteli akasema hawezi kumlipa mtu hivyo akiwa bado hajui kutofautisha jiko linalowaka na linalovuja. Dada wa keki naye akasema ukimwambia mtoto wa watu aje bure kwa sababu anajifunza basi usishangae akikosa kuja. Mabishano yakawa marefu, ya kwenda na kurudi, mpaka adhana ikatutoa. Tulipoishia ni hapa: anayejifunza analipiwa nauli, anakula mchana, na anapewa posho ambayo kila biashara imeitaja mbele ya wenzake. Lakini siku ile anaanza kufanya kazi peke yake bila kusimamiwa, yaani yuko kwenye kiti chake na mteja wake, huyo si mwanafunzi tena, alipwe kama mfanyakazi. Mimi nimelishikilia hili sana manake mji huu nauona, kuna maofisi yanayoishi kwa watoto wa atachimenti, akimaliza mmoja anaingia mwingine, miaka nenda miaka rudi hakuna aliyeajiriwa na simu zinapokelewa vizuri tu.

Na bima. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile ya WIBA, inamhesabu mwanagenzi kuwa ni mfanyakazi. Kwa hivyo usimlete kijana karibu na mashine halafu useme huyu alikuwa anatazama tu.

Februari katikati

Kutafuta vijana. Hatukuitisha sivii, nani ana sivii pale Majengo ya kuandika nini? Tulipita kwa imamu, kwa mchungaji, kwa wazee wa mtaa na kwa mama zao, tukaomba watuambie nani amekuwa akitafuta. Wakaja wengi kuliko nafasi. Tumechukua nusu wasichana, na mmoja kati yao alikataa saluni katakata akataka gereji. Mzee akamuuliza, unajua kazi yenyewe ina grisi? Akamjibu, ami hata kuosha masufuria kuna grisi. Amechukuliwa.

Kikwazo kilichonishangaza ni karatasi. Kuna wenye vitambulisho, kuna mmoja bado anatembea na ile karatasi ya kusubiria kitambulisho. Halafu ofisi ya kliaringi inataka cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, hapo ni kujaza kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kulipa shilingi elfu moja na kitu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hotelini nako wanataka cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Sasa fikiria mtu hana kazi, anaambiwa ili upate kazi lete karatasi za karibu elfu mbili. Anazitoa wapi? Chama kimelipa hizo zote kutoka kwenye pesa za unga, na hakuna aliyelalamika.

Mkataba tumeuandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kijana anasaini na mzazi ama mlezi anashuhudia. Saa za kuingia na kutoka, siku ya mapumziko, nani anakufundisha kwa jina lake, posho ni ngapi na inalipwa siku gani. Na kuna kipengele ambacho mama wa saluni alikilazimisha: mwanafunzi hatumwi nyumbani kwa bosi. Alisema yeye mwenyewe alipokuwa anajifunza kusuka alifua nguo za watoto wa tajiri wake miezi mitatu kabla hajashika kichwa cha mteja. Wanaume wawili walicheka, yeye hakucheka, kipengele kikaandikwa.

Machi, Ramadhani

Vijana wameanza kupotea.

Bwana wa Bamburi alikuwa wa kwanza kupiga simu, akasema mmoja hajaonekana tangu Alhamisi na mwingine anachelewa, nlijua tu, hawa vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka pesa ya simu. Kongowea nako mmoja ametoweka. Nkaona nisibishane kwenye simu, nkachukua tuktuk jioni baada ya futari nkaenda kwao yule wa Bamburi. Anakaa ndani ndani huko Kisauni, nyumba ya makuti, mamake anauza viazi karai nje. Kijana yuko, amekaa, hana ugonjwa. Nkamuuliza imekuwaje, akazunguka zunguka mwisho akanambia, ami, nauli.

Hesabu ni hii. Bwana yule analipa mwisho wa mwezi kama anavyolipa wafanyakazi wake wote, na nauli ameiweka humo humo ndani ya posho. Wiki ya kwanza mama alimpa nauli kutoka kwenye mtaji wa viazi. Wiki ya pili akakopa kwa jirani. Ya tatu mvua ikanyesha, matatu zikapandisha kama kawaida yao, akatembea, akafika amelowa na amechelewa, akafokewa mbele ya wageni. Ya nne hakwenda. Pesa ilikuwa inamsubiri mbele, ila hakuwa na kitu cha kumfikisha huko.

Nkarudi nkapiga simu kwa kila mmoja kuuliza swali moja tu, unalipa lini? Waliolipa mwisho wa mwezi ndio waliopoteza watu. Dada wa keki analipa kila Jumamosi jioni na asubuhi kuna chai na mahamri kabla kazi haijaanza, hajapoteza hata mmoja. Mzee wa gereji halipi kwa mpango wowote, anatoa mfukoni kila jioni, na wake wote wapo. Mama wa saluni analipa kwa wiki.

Kikao cha dharura, kifupi sana. Kuanzia sasa nauli ya wiki nzima inatumwa kwa M-Pesa Jumatatu asubuhi mapema na haihesabiwi kwenye posho, na posho ni kila wiki. Bwana wa Bamburi alisema itamsumbua mhasibu. Nkamwambia mhasibu atazoea, yule mama wa viazi hawezi kuzoea. Alikubali kwa shingo upande lakini alikubali, na kijana wake amerudi.

Wa Likoni wanapumua kidogo kwa sababu feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini ukishatoka feri bado kuna matatu ya kwenda unakokwenda, na foleni ya asubuhi mnaijua. Wao tumewasogezea muda wa kuingia kwa nusu saa. Gharama yake kwa mwenye biashara ni sifuri.

Aprili mwanzo

Nimeshinda Changamwe gereji leo, nilipeleka oda ya filta nkajikuta nimekaa mpaka saa kumi.

Gereji hii mzee anasema ilikuwa na spanaboi wengi zamani, yaani vijana wa kumsaidia fundi. Malori ya kontena yalikuwa yanalala nje hapo yakisubiri zamu. Reli ya SGR ilipofunguliwa 2017, na hasa agizo la 2019 la kupeleka makontena kwa treni, kazi ikakatika. Waliouza chai, waliobandika tairi, matanboi wa malori, wote walitawanyika. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo hapa Mombasa na kazi imerudi kiasi, ila anasema wale vijana wake wa mwanzo hawakurudi, wengine wako boda boda, wengine hataki hata kuwasema. Huwa nasikia watu wakisema biashara isaidie vijana kama kwamba ni sadaka, lakini mzee anavyoeleza ni kwamba anahitaji mikono, yeye goti linamuuma na hakuna anayejua sanduku la gia kama yeye.

Nilichotaka kuwaeleza ni ubao. Wiki mbili zilizopita spana namba 17 ilipotea. Mafundi wakubwa moja kwa moja wakaangalia wale wapya, maneno yakaanza, yule msichana akapekuliwa mkoba. Mzee hakusema kitu siku ile. Kesho yake akaja na plaiwudi, akaipigilia ukutani, akapanga vifaa vyote juu yake na akachora umbo la kila kimoja kwa rangi nyekundu, spana zote kwa namba zao, koleo, nyundo, mpaka jeki ndogo. Jioni kabla ya kufunga kila mtu anasimama mbele ya ubao. Palipo na umbo jekundu tupu panajulikana, na kando yake kuna daftari, aliyechukua ameandika. Ile 17 ilikuja kuonekana ndani ya boneti ya gari la mteja, probox, ilisahauliwa na fundi wa miaka kumi na tano. Mzee akamwita msichana mbele ya wote akamwomba radhi, na akamwamuru yule fundi aliyepekua mkoba naye aombe. Nimeona wazee wachache sana wakifanya hivyo na watoto.

Kuna jingine la gereji. Kijana mmoja kipande cha chuma kilimrukia jichoni kwenye graindi, ile mashine ya kusaga chuma, miwani ya kujikinga ilikuwepo, imetundikwa, hakuna aliyeivaa hata mafundi. Alipelekwa hospitali haraka na jicho liko salama alhamdulillah. Lakini pale ndipo tulipogundua hakuna hata mmoja wa vijana wetu aliyekuwa amelipa SHA, bima ya afya ya serikali. Asiye na payslip anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mara moja. Kijana anayetafuta nauli ya hamsini atatoa wapi 3,600? Mzee amewalipia wake na atakata kidogo kidogo kwa makubaliano, wengine tumefuata. Na miwani sasa ukiiacha ukutani hupewi graindi, fundi ama mwanafunzi.

Aprili, baada ya mvua kuanza

Mfupi leo. Saluni: mama amepiga marufuku wanafunzi wake kubaki baada ya saa kumi na mbili na nusu, hata kama kuna bibi harusi kitini. Wateja wengine wamenuna. Sababu yake ni kwamba wasichana wale wanarudi Kisauni na Mishomoroni, njia nyingine zina giza na kuna wale watoto wa mapanga. Siku ikilazimu wachelewe, saluni inalipa tuktuk ya mtu inayemjua, na mama anapokea simu wakifika. Pia amebandika namba yake na ya mwenyekiti nyuma ya mlango wa choo cha wafanyakazi, ili msichana akisumbuliwa na mteja ama na yeyote, hata na mmoja wetu wa chama, ajue wa kumpigia bila kuonekana akiandika. Nauliza wenye maofisi makubwa hapa mjini, yenu imebandikwa wapi?

Mei

Muguka, yale majani ya kutafuna ya kukeshea. Nilijua tutafika hapa tu.

Kongowea kuna kijana mzuri, mkono wake kwenye pilau si wa kujifunza ni wa kuzaliwa nao, lakini anakesha anatafuna halafu saa nne asubuhi anasinzia kando ya jiko. Mwenye hoteli akataka kumfukuza, na sikumlaumu, mafuta ya moto hayana mzaha. Mnakumbuka Mei 2024 gavana alipiga marufuku muguka Mombasa, mahakama ikasimamisha agizo, na mpaka leo ukitembea unaona vifuko vinauzwa mita chache kutoka shuleni. Kwa hivyo biashara isubiri sheria ama ifanye nini?

Nilikaa naye nyuma ya hoteli. Anatafuna tangu yuko kidato cha pili, kwa sababu usiku hana pa kulala pa maana, chumba kimoja watu sita, kwa hivyo anakaa maskani mpaka alfajiri wengine wakitoka ndo analala. Hapo mtu huwezi kumhubiria kitu. Tulichofanya ni mambo mawili: mwenye hoteli alikuwa na stoo ya juu ambayo haitumiki, imepigwa deki ikawekwa godoro, analala hapo yeye na mlinzi. La pili, nimempeleka MEWA pale Majengo, wana huduma za watu wa uraibu na wamezoea vijana wetu, hawamwangalii mtu kama mwizi. Sitawadanganya kwamba ameacha. Ametoka kwenye kukesha, anatafuna Jumapili, na jikoni hasinzii. Mwenye hoteli amesema anamvumilia mpaka Juni halafu wataongea.

Kuna mwanachama ambaye amenitumia sauti ndefu kwenye wasap akisema hii si kazi ya biashara, sisi si hospitali. Nimemjibu kwamba tayari analipa gharama ya huyo kijana, analipa kwa sahani zinazovunjika na mlinzi wa usiku na dirisha la chuma. Hajanijibu bado.

Mei mwishoni

Bamburi msimu umekufa. Aprili mpaka Juni pwani hakuna wageni, mvua na bahari imechafuka, mahoteli mengine yanafunga kabisa na wafanyakazi wanapewa likizo isiyo na mshahara. Bwana wetu akasema awarudishe vijana nyumbani mpaka Julai. Nikaogopa, manake ukimrudisha kijana miezi miwili humpati tena.

Aliyetoa jibu ni msimamizi wake wa nyumba, mzee mtulivu ambaye hazungumzi kwenye vikao. Akasema bosi, msimu wa wageni hakuna nafasi ya kumfundisha mtu, mgeni yuko chumbani utamfundishia wapi? Sai ndo vyumba vitupu, sai ndo tunafungua eisii, zile mashine za kupoza hewa, tunabadilisha mabomba, tunapaka rangi, tunapiga vanishi milango. Basi vijana wale walioletwa kutandika vitanda sasa wanashika mabomba na waya chini ya fundi, na mmoja ameshajua kusafisha eisii kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huyo hata akitoka Bamburi leo, nyumba ngapi Nyali zina eisii chafu? Bwana sasa anatembea akisema lilikuwa wazo lake. Tumuache.

Juni

Miezi sita inaelekea kuisha kwa wengi. Mambo ya gredi: NITA wana ngazi tatu, unaanza gredi ya tatu unapanda mpaka ya kwanza, kuna mtihani wa mkono na wa nadharia. Msichana wa gereji na wenzake wataingia gredi ya tatu ya umakanika, wa saluni wa ususi na urembo. Ada nusu chama, nusu biashara iliyomfundisha, tumekataa kijana akatwe. Mzee wa gereji mwenyewe hana cheti chochote, miaka yote hiyo, na sasa baada ya serikali kuzindua 2024 ile sera ya kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, wanafunzi wake ndio wanaomsukuma ajiandikishe naye. Anasema ataenda akipata nafasi. Nimemwambia nafasi tutamtafutia.

Ajira: saluni imebakisha mmoja, gereji imebakisha wawili akiwemo msichana, kliaringi hakuna, jamaa amesema wazi mizigo haijatosha, ila amemwandikia kijana wake barua nzuri na kumpigia simu rafiki yake Shimanzi, kijana anaanza huko. Simu ya bosi kwa bosi inafanya kazi kuliko sivii mia moja.

Wengine wanataka vyao. Hapa kila mtu huja na jina la mfuko: mkopo wa serikali wa Hasla Fandi unaanzia shilingi 500, ile ya NYOTA ya serikali inatoa elfu 50 kwa waliochaguliwa, na kuna asilimia 30 ya tenda za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na walemavu. Sipingi hata moja, anayepata apate. Lakini tenda nina wasiwasi nayo, ndugu yangu alipeleka bidhaa ofisi moja ya umma akasubiri malipo mpaka mtaji ukaisha, kijana mwenye jiko moja atasubiri na nini?

Dada wa keki amefanya kitu kidogo ambacho mimi nakiona ndicho kikubwa. Mwanafunzi wake mmoja amerudi kwao Mtopanga, anapika mahamri na mbaazi saa kumi ya usiku. Badala ya kumuona mshindani, dada amemuunganisha na hoteli ya Kongowea, mahamri yanafika saa kumi na mbili asubuhi, na mwenye hoteli analipa hapo hapo kabla chombo hakijarudi. Pesa ya leo inanunua unga wa kesho. Nimependekeza iwe sharti kwa wanachama wote: ukinunua kwa kijana aliyetoka kwetu hulipi kesho, hulipi Ijumaa. Kura itapigwa kikao kijacho na najua wawili watapinga, mmoja ni mimi nilivyokuwa nawalipa wasambazaji wangu mpaka mwaka jana, ehh, mnanijua.

Julai

Wale wanaouliza kundi la pili: ndiyo lipo. Tuna wanachama wapya, mwenye kuchomelea vyuma Miritini na dada wa ushonaji Mji wa Kale. Yule wa sauti ndefu ya wasap amesema atachukua mmoja, mmoja tu, na amesisitiza mara mbili, nimemwandika haraka kabla hajabadilisha nia.

Tunachokosa ni gereji ya pili upande wa Kisauni au Bombolulu ili wa huko wasivuke mji mzima kila siku, na fundi wa eisii ambaye ana subira. Mwenye nafasi anitafute dukani. Masharti ni yale yale, mkataba wa ukurasa mmoja, lanchi, nauli Jumatatu asubuhi.

Vijana wenyewe waje Jumamosi baada ya adhuhuri na kitambulisho ama ile karatasi ya kusubiria, na tafadhali waje wenyewe, mara ya mwisho walikuja mama watupu na mmoja alikuwa bora kuliko mwanawe, tulikaribia kumchukua.